Ndege Aliyeimba Juu ya Kofia ya Roman

Nimekataa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nina mbegu za kupanda, mara ya pili nikasema macho yangu hayafai. Mara ya tatu hao vijana wa jarida la ndege wakamtuma mke wa shemasi na pai ya tufaha kavu, nami sikuwa na la kusema kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuimega. Wanataka nimwandike mdogo wangu Roman. Kwa nini mimi? Niliacha shule darasa la nane kama sisi sote, na hayo manane yenyewe nilipita kwa kusukumwa. Mkono wangu umezoea sindano, haukuzoea kalamu. Herufi ikipinda, inyoosheni wenyewe. Sifa nazo sitaandika. Kwetu mtu hasifiwi akiwa hai, na akishakufa hazimsaidii. Nitaandika lililotokea, kama alivyonieleza mwenyewe, na pale alipoona haya kunieleza nilimuuliza mkewe.

Roman Schlabach ana miaka sabini na mmoja. Ni mshona hatamu hapa bonde la kijito cha Buckhorn, Ohio, na karibu kila farasi anayepita barabara yetu amevaa ngozi iliyopita mikononi mwake. Ana mke, Malva, na watoto saba, na wajukuu ambao Malva anawajua kwa majina na Roman kwa makisio. Lakini ukisimama njiani ukamuuliza mtu, Roman ni nani, hatakutajia hatamu. Atagusa sikio lake.

Alianza akiwa mtoto wa miaka sita. Siku za Jumatatu mama yetu alikuwa akianika nguo, na Roman alikaa chini ya mashuka mabichi yanayodondosha maji, amenyamaza kama paka. Kisha ghafla anasema, "Mama, yule wa mwaka jana amerudi."

"Yupi?"

"Yule anayepanda ngazi kisha anaanguka."

Mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa na homa. Juu ya mti wa tufaha kulikuwa na kindege kinaimba, sauti yake inapanda, inapanda, kisha inaporomoka, sawasawa na mtoto alivyosema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimesikia sauti ile kila mwaka pasipo kuisikia.

Baba hakutaka kununua darubini. Alisema Mungu amempa kila mtu macho mawili na hayo mengine mawili ya kioo ni majivuno. Basi Roman akajifunza ndege wote wa bonde kwa masikio, na alipofika miaka kumi na tisa akajinunulia darubini yake mwenyewe, alikuwa hahitaji kuitumia ila kumkagua ndege kama amevaa vizuri. Alikuwa anamsikia kwanza, anamtaja jina, ndipo anainua kioo na kusema, "Ndiye." Sijapata kumsikia akisema, "Siye."

Roman alimchumbia Malva hivyo hivyo. Alimchukua na gari la farasi mpaka kwenye kinamasi, wakakaa saa mbili, Roman hakufungua kinywa. Malva aliporudi nyumbani alimwambia mama yake, "Ama ananipenda sana, ama ni bubu." Tangu siku hiyo amekuwa akienda na kufuma soksi. Miaka arobaini na minane ya soksi, na hakujifunza ndege hata mmoja. Anasema nyumba moja yatoshwa na mgonjwa mmoja.

Ninyi mnaosoma jarida hili mnaijua Mei yetu. Upepo wa kusini ukivuma usiku kucha, na alfajiri ikashuka mvua nyepesi, vindege vinavyotoka huko kusini kwenda kaskazini vinachoka na kuanguka msituni mwetu kama maharagwe yaliyomwagika kutoka guniani. Siku hizo plau inakaa mtaroni saa nzima zaidi ya inavyofaa. Baiskeli zinajaa barabarani, kofia za majani juu, darubini vifuani. Na kwa kuwa kanisa letu linakataza picha, ndege kwetu anaandikwa kwa neno la mtu. Mtu akisema nimemsikia fulani mahali fulani, wenzake wanaandika. Neno la Roman lilikuwa likisemwa Jumamosi asubuhi, na ikifika jioni limo katika madaftari thelathini.

Daftari lake mwenyewe lilikuwa na Mei arobaini na sita. Ndani yake, mwaka baada ya mwaka, mlikuwa na ndege mmoja aliyempenda kuliko wote. Sisi twamwita Koo-moto. Ni mdogo kuliko kidole gumba cha mkulima, mweusi na mweupe, na kooni anawaka kama kaa lililopulizwa. Anakaa juu kabisa ya misonobari, mahali shingo ya mtu haipendi kufika, na wimbo wake ni mwembamba, unazidi kuwa mwembamba mpaka mwisho wake ni kama uzi unaopita tundu la sindano. Ukitaka kumwona lazima umsikie kwanza. Roman alimwandika kila Mei, tarehe nne, tarehe sita, tarehe tano, na kila mara mahali pale pale: misonobari ya kijitoni, kwa Monroe.

Monroe Gingerich ni jirani yake, ng'ambo ya kijito. Ni mtu mpole, mzito wa maneno, na hajui ndege yeyote asiyetaga jikoni. Majira ya baridi ya miaka mitatu iliyopita binti yake aliolewa, na Monroe akakata misonobari, kama theluthi hivi, awajengee nyumba. Roman alisimama uani kwake akasikiliza msumeno siku nne. Hakusema kitu. Hilo ndilo lililokuwa baya, mngemjua mngeogopa.

Mei ikaja. Akasimama upande wake wa kijito asubuhi kumi na mbili mfululizo, viganja nyuma ya masikio. Kimya juu ya misonobari. Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikuwa mezani wanakula mkate na siagi ya karanga, mtu mmoja akauliza, "Roman, Koo-moto amefika?"

Monroe alikuwa nafasi ya pili kutoka kwake, mkate mkononi.

"Hatafika," Roman akasema. "Nyumba yake imegeuzwa mbao."

Hakupaza sauti. Ila neno la Roman halikuhitaji kupazwa. Ilipofika Jumatano bonde zima lilikuwa linajua kwamba Monroe amemfukuza Koo-moto. Vijana wa baiskeli wakawa wanapita kwake wakitazama upande wa pili. Kuna mmoja, simtaji, mama yake anamjua, aliandika humu humu jaridani kwamba wako watu wanaopenda mbao kuliko viumbe. Monroe alijitetea mara moja tu, dukani, akasema, "Mimi nilikata miti. Sikukata ndege." Watu wakacheka. Akaenda nyumbani akafunga mnyororo kwenye lango la msitu wake, na tangu hapo mtu yeyote mwenye darubini hakukanyaga.

Mei ya pili Roman akasimama tena kijitoni. Akaandika: *Koo-moto hakuja.* Mei ya tatu, ndiyo hii iliyopita, akaanza tena kuandika hivyo hivyo.

Sasa mnajua jinsi Meza ya Bwana inavyowekwa kwetu, mara mbili kwa mwaka, na jinsi wiki mbili kabla yake tunavyokaa kikao cha mapatano na kila mshirika anaulizwa kama ana amani na wote. Mmoja akisema hapana, meza haiwekwi. Si kwake peke yake: nyumba zote thelathini zinakaa bila mkate na bila kikombe kwa sababu ya mmoja. Mwaka huu Pasaka ilichelewa, kikao kikaangukia Jumapili ya pili ya Mei, na Monroe akaenda kwa shemasi mapema akamwambia, "Nimemeza mara tatu. Nimesema nina amani na Roman, na sikuwa nayo. Ya nne haipiti."

Alhamisi shemasi Alvin Mast akaingia karakana ya Roman, akasimama anapangusa matope ya viatu kwa muda mrefu kuliko matope yenyewe.

"Hatamu ya farasi wangu imekatika," akasema.

"Haijakatika. Nimeishona mimi."

"Basi nimekuja kwa jambo jingine."

"Nalijua jambo lako," Roman akasema, hakuinua macho kutoka kwenye ngozi. "Lina ndevu nyeupe na linaishi ng'ambo ya kijito."

"Utamwomba msamaha?"

"Kwa kosa gani, Alvin? Nilisema ndege haji, na haji. Nikiomba msamaha kwa neno la kweli nitakuwa nimesema uongo. Unataka nije mezani pa Bwana na uongo mdomoni ili watu wapate kula?"

Alvin akafikiri. Yeye ni mtu wa kufikiri akiwa amesimama. "Una hakika hayupo?"

"Mimi?" Roman akasema.

Neno lile moja lilitosha, shemasi aliona aibu kwa kuuliza. Lakini hakuondoka. Alisema Monroe ametoa shauri: Jumamosi alfajiri atafungua mnyororo, waingie wote wawili msituni wakasikilize. Ndege asipokuwapo, Monroe ataomba radhi kwa Roman na kwa kanisa kwa ajili ya miti. Akiwapo, Roman anajua la kufanya.

"Nikimsikia," Roman akasema, "nitamtangaza nimesimama juu ya benchi."

"Na mimi nakwenda," Malva akasema. Alikuwa mlangoni na chai.

"Wewe? Wewe hujui kunguru na shomoro."

"Sitaki ndege. Nakwenda kuwatazama nyinyi wawili. Alvin, wazee hawa wakiachwa msituni peke yao, Jumapili badala ya kikao tutakuwa na maziko."

Jumamosi upepo wa kusini ulikuwa umevuma usiku mzima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mvua ilikuwa nyepesi kama vumbi, mawingu yamekaa juu ya vilele, na msitu umejaa. Hata mimi nyumbani kwangu nilisikia kelele zile nikafunga dirisha. Monroe alikuwa langoni, mnyororo umeshikwa mkononi, amevaa koti la Jumapili. Roman akaliona koti lile likamkera. Ilikuwa kama Monroe amekuja kwenye mazishi ambayo marehemu wake bado hajajulikana.

"Karibuni," Monroe akasema.

"Asante," Malva akajibu kwa wote wawili.

Wakasimama katikati ya misonobari iliyobaki. Roman akavua kofia. Akafumba macho, na kwa muda akasahau alichokuja kufanya, maana ilikuwa asubuhi ya namna inayokuja mara moja katika Mei nzima. Akaanza kutaja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita mahudhurio shuleni: yule mwenye filimbi kijitoni; yule anayeita mwalimu, mwalimu, mwalimu, kila mara kwa nguvu zaidi; wawili wa rangi ya chungwa wanagombana kwenye mkuyu; kigogota mkubwa kule mbali, mti mkavu.

"Na huyu anayepiga kelele kama mwenye deni la maneno?" Monroe akauliza.

"Huyo mwekundu. Dume. Yuko kulia, tawi la tatu."

Monroe akatazama tawi la tatu. "Ehe," akasema, na kidogo atabasamu. "Nimeishi naye miaka sitini na minane sijawahi kumwona."

Hilo nalo lilimkera Roman, kwamba Monroe alikuwa na uso mwema wa kuangalia ndege. Wakasimama nusu saa. Juu ya misonobari Roman alisikia mvua na upepo basi. Akavaa kofia.

"Hayupo," akasema.

Monroe akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa neno lake. Alifungua kinywa aanze kuomba radhi aliyoahidi. Ndipo Malva akasema, sindano zimesimama, "Na huyo anayelia kama ekseli iliyokosa grisi?"

"Nani?"

"Huyo. Juu. Kaanza tena. Haya, kanyamaza. Haya, huyo tena."

"Hakuna mtu," Roman akasema.

"Roman, amelia mara ishirini tangu tuingie. Nilifikiri umemtaja."

"Mimi pia nilimsikia," Monroe akasema polepole. "Nilidhani ni mdudu."

Roman akawatazama wote wawili. Wazo la kwanza lililomjia, na hili aliniambia mwenyewe akitazama sakafu, lilikuwa kwamba wamepanga. Mke aliyekaa kando yake miaka arobaini na minane na jirani yake wamekaa mahali wakapanga uongo. Akakodoa macho, akaelekeza sikio la kulia, akaelekeza la kushoto. Mvua. Upepo. Malva akaweka soksi mfukoni, akamjia, akamshika kichwa kwa mikono miwili juu ya masikio kama anavyoshikwa ndama asiyetaka kunywa, akakielekeza juu. "Pale," akasema. "Inua kioo chako."

Akainua.

Alikuwa kileleni, kwenye ncha yenyewe, amelowa. Koo lake lilikuwa linawaka. Aliinua kichwa, akafungua mdomo mpana, koo lile likatetemeka, mwili mzima ukatetemeka kwa nguvu ya wimbo, na hakutoka kitu. Akafunga mdomo. Akaruka tawi moja, akafungua tena. Kila alipofungua Malva alisema, "Huyo," na kila aliposema "huyo," Roman hakusikia chochote isipokuwa Malva.

Sijui alisimama muda gani. Malva anasema mpaka maji yalimwingia shingoni. Monroe hakuwa na darubini, na Malva hata angekuwa nayo asingejua ndege gani ni gani. Kwa hiyo duniani kote, asubuhi ile, alikuwa Roman peke yake anayejua kilichoko kileleni, na alijua kwamba anajua peke yake.

Akashusha darubini. "Siwezi kusema ni nani," akasema. "Jua limo machoni."

Monroe akainua uso akatazama mawingu. Mvua ikamwangukia usoni. Kisha akatazama viatu vyake, akasema, "Sawa, Roman," akawasindikiza mpaka langoni.

Njiani Malva hakufuma. Walifika nyumbani, akabandika birika, akakaa mezani mbele yake.

"Ulimwona."

Roman akavua viatu vyake vyenye matope.

"Nakuuliza, baba. Ulimwona, hukumwona?"

"Birika litachemka lini?"

"Linapiga mbinja saa hii, Roman."

Akageuka. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika kwa nguvu, umesimama wima. Lilikuwa birika jipya, kama miaka minne hivi, na tangu siku ya kwanza Roman alikuwa analisifu kwamba ni birika la heshima, halipigi kelele kama lile la zamani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nilidhani unatania."

Alichukua daftari akaenda nalo karakana, na hakushona kitu siku hiyo. Aliniambia alitaka kutafuta mstari mmoja tu, akapata mwingine, akapata mwingine. Miaka kumi nyuma alikuwa ameandika kwamba yule kindege mdogo mwenye taji la dhahabu anapungua. Miaka minane, kwamba yule anayetambaa kwenye magome haonekani tena. Kisha wale wanaokula zabibu mwitu kwa makundi, wamepungua. Kisha Koo-moto. Akaviandika vyote kwenye kipande cha ngozi kwa chaki, kuanzia sauti nyembamba kuliko zote mpaka isiyo nyembamba sana, na vilikuwa vimetoweka kwa mpangilio huo huo, mmoja baada ya mwingine. Miaka kumi alikuwa amewaambia watu wa bonde hili kwamba misitu inakuwa mitupu. Watu wazima walilia kwa sababu ya maneno yake. Mimi nililia. Naye alikuwa anasimulia kufungwa kwa masikio yake mwenyewe, mlango mmoja baada ya mwingine, akidhani anasimulia dunia.

Nilimuuliza, hukumwogopa Mungu wakati ule? Akasema Mungu alikuwa hajamfikia bado. Alichoogopa ni Jumamosi inayofuata. Vijana wangekuja na baiskeli zao wasimame wamzunguke wangojee aseme, naye atakuwa mzee mmoja tu mwenye kofia. Washona hatamu wako wengi.

Jumapili tulikaa katika karakana ya mtengeneza magari ya farasi, wanaume huku, wanawake huku. Kikao cha mapatano ni kirefu. Tulianza saa tatu asubuhi na askofu alimaliza kufundisha saa tisa, watu wanatoka wawili wawili kwenda kula na kurudi. Roman hakutoka kula. Kisha wahubiri wawili wakashuka kati ya mabenchi, mmoja upande wa wanaume, mmoja upande wetu, wakimwinamia kila mtu kumuuliza kama amekubali na kama ana amani. Watu hujibu kwa mnong'ono. Ndivyo ilivyo desturi.

Mhubiri alipofika kwa Roman, Roman akasimama. Hatusimami.

"Ndege yupo," akasema, na kwa kuwa hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani, iligonga ukuta wa nyuma. "Koo-moto yupo kwa Monroe. Nadhani hakuacha kuja hata mwaka mmoja. Miti iliyobaki ilimtosha. Aliyepungua ni mimi. Siwasikii tena wale wa sauti nyembamba, na sijui tangu lini. Niliyosema juu ya Monroe hayakuwa kweli. Hilo nalisema ni kosa la masikio. Lakini jana nilimwona kwa macho, anaimba, nikamwambia Monroe jua limo machoni. Hakukuwa na jua. Hilo si la masikio."

Akakaa. Kisha akasimama tena, akasema, "Nisameheni," maana alikuwa amelisahau, akakaa.

Mhubiri akaendelea na benchi kana kwamba hakuna lililotokea, na wote tukamshukuru kwa hilo. Monroe alikuwa safu ya nyuma. Mhubiri akamwinamia. Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Watu wa nyumba thelathini walikuwa wanaangalia magoti yao.

"Nina amani na Roman," Monroe akasema.

Meza ikawekwa baada ya wiki mbili. Lakini msiniharakishe, kuna jambo limebaki, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Pai ile ilikuwa kavu.

Siku ile ile ya kikao, tulipokuwa tunafunga farasi, Roman alimfuata Monroe akamwambia, "Vijana wangependa kumwona Koo-moto kabla hajapita. Utafungua lango?"

"Hapana," Monroe akasema.

"Umesema una amani nami."

"Na wewe ninayo. Wewe ulilisema mara moja, na umekuja mwenyewe kulirudisha. Wao wamelisema miaka mitatu, na hakuna aliyekuja. Msamaha wako nimekupa, Roman. Mnyororo ni wa wengine."

Roman akarudi kwa farasi wake. Lile neno lilikuwa limetoka kwake, likaingia madaftari thelathini, na yeye hawezi kuyafuta ya watu. Kwa hiyo sasa, kila Jumamosi, anamchukua Malva akaketi naye kando ya kijito, upande wao. Malva anasema, "Kuna mmoja kama mlango wa banda la kuku," na Roman anamuuliza wimbo unapanda au unashuka, na Malva anasema, "Nitajuaje, mimi si fundi wa milango," wanagombana mpaka ndege anaondoka. Akiandika anaandika: *kwa sikio la Malva.* Monroe alipowaona mara ya pili alifungua mnyororo akawaita waingie. Wakaingia wao wawili, akafunga nyuma yao.

Basi mimi nimeandika. Sasa ni zamu yenu. Wewe unayesoma hapa na una daftari, lifungue saa hii. Tafuta kila mstari wa miaka hii mitatu ulioandika Koo-moto hakuja, wewe ambaye hukwenda kusikiliza, ulinakili tu kutoka kinywani mwa mdogo wangu. Ukate kwa wino. Kisha ushuke baiskeli mbele ya lango la Monroe Gingerich, uvue kofia, umwambie jina lako na ulichoandika. Usiende na darubini siku hiyo. Ukishatoka huko, uniletee habari kwa barua, kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yangu kweli hayafai. Wanaoandika humu jaridani ninawajua wote kwa majina, na nimeanza kuhesabu.